Fimbo ya feraiti kwa 137 na 475: acha raundi, angalia chaja yako

Swali limetoka kwa kaka mmoja anayeishi Leipzig, Ujerumani, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya kutoka dirishani. Anasema hivi: "Fundi, nataka kusikiliza maamatea (wapenzi wa redio wenye leseni) wa masafa ya chini, 137 na 475 kilohezi. Nimepata fimbo ya feraiti ya sentimita 20, unene milimita 10, nimezungusha raundi 60, nikaweka kapasita na amplifaya ya transista moja, ila kwenye SDR (redio inayosomwa na kompyuta) naona ukuta wa kelele tu. Niongeze raundi ziwe 300? Au ninunue fimbo ya pili niziunganishe? Na ile fimbo iliyo ndani ya saa ya ukutani inayojirekebisha yenyewe, inaweza kufaa?" Ametuma na picha ya kazi yake.

Kaka, jibu fupi kwanza ili usiende dukani leo: usiongeze raundi. Raundi 300 hazitakusaidia kitu, na nitakueleza kwa nini, manake watu wengi wanaamini koili kubwa ndiyo inayosikia mbali na wanamaliza waya bure.

Iko hivi. Ukizidisha raundi mara mbili, voltage inayoingia kwenye koili nayo inakuwa mara mbili, hiyo ni kweli kabisa. Lakini indaktansi (uwezo wa koili kushika nguvu ya sumaku) inapanda mara nne, na kelele ya joto ya koili yenyewe (kila saketi ina kelele yake, hata kama hakuna anayetangaza chochote duniani) inafuata mzizi wa hiyo indaktansi, kwa hiyo nayo inapanda mara mbili. Signali mara mbili, kelele mara mbili, umebaki palepale. Raundi zinakuchagulia tu utumie kapasita ya ngapi na amplifaya ikutane na nini mbele yake. Kinachoamua fimbo isikie mpaka wapi ni feraiti yenyewe, ujazo wake na hasa urefu wake, halafu ubora wa koili, ile namba wanayoiita Q: ikiwa kubwa, koili inapoteza nguvu kidogo na inachagua masafa membamba.

Ngoja tupige hesabu kwa fimbo yako hiyohiyo uone. Feraiti ya redio za zamani unaweza kuihesabu ina pamiabiliti ya 400 (inakusanya sumaku mara 400 kuliko hewa), lakini hiyo 400 ni kama ingekuwa duara lililofungwa. Ikiwa fimbo, sumaku inavuja kwenye ncha, na kwa fimbo ambayo urefu ni mara 20 ya unene inayobaki ni kama 108. Ndiyo maana kununua feraiti ya pamiabiliti 2,000 kwa fimbo fupi ni kutupa hela, ncha zinakula faida yote. Sasa zungusha raundi 130, utapata milihenri 1.35 hivi, inategemea umezisambaza vipi. Koili hiyo kwenye 137 ina urefu wa kiantena, yaani ni sawa na waya uliosimama wa urefu gani, wa kama milimita 3.2. Milimita, siyo mita. Usicheke, ukiitiuni na Q ikiwa 100 ile milimita 3.2 inazidishwa na 100, inakuwa sentimita 32. Kelele ya joto ya koili hiyo iliyotiuniwa ni kama nanovolti 43 kwenye upana wa hezi 1. Gawanya kwa hizo sentimita 32, unapata maikrovolti 0.13 kwa mita. Hiyo ndiyo sakafu ya fimbo yako, signali ikiwa chini ya hapo inazama kwenye kelele.

Upande wa pili sasa, anayetangaza. Bendi ya 135.7 mpaka 137.8 ilitolewa kwa maamatea kwenye mkutano wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) wa 2007, na ya 472 mpaka 479 ikaja 2012, na hapo chini kwenye 137 kikomo ni wati 1 ya nguvu inayotoka hewani kweli. Wati 1 hiyo kwa kilomita 1,000 inafika ikiwa kama maikrovolti 5 kwa mita, ukiacha hasara ya ardhi. Wengi hata hiyo wati 1 hawaifikii, manake wimbi lina urefu wa kilomita 2.2 na antena ya uani ni kijiti tu mbele yake, kwa hiyo tuseme jamaa anatoa miliwati 50, hiyo inakuwa maikrovolti 1.2. Bado ni mara tisa ya sakafu yako! Na WSPR, ile programu ya kutuma ujumbe mfupi kwa dakika mbili, inatosheka signali ikiwa mara mbili tu ya kelele kwenye hezi 1.

Unaona ninapokwenda? Fimbo ya sentimita 20 iliyotengenezwa vizuri inaweza kumsikia mtu wa kilomita 1,000. Kwa hiyo ule ukuta unaouona hautoki kwenye fimbo, na amplifaya haihusiki sana pia, transista kama J310 ina kelele ya nanovolti mbili tatu, mbele ya 43 za koili ni kitu kidogo mno. Ukuta unatoka ndani ya nyumba yako. Na kwenye picha nimeona unakotoka, angalau sehemu yake.

La kwanza, amplifaya inakula umeme wa chaja ya simu kupitia yuesibii. Mkuu, chaja ya simu ni kiwanda cha kelele za masafa haya hasa, maana saketi yake inakatakata umeme kwa makumi ya kilohezi na wajukuu wake (yaani masafa hayo mara mbili, mara tatu na kuendelea) wanaangukia juu ya 137. Weka betri. Betri ya volti 9 au betri nane za penseli, basi. Usitafute chaja "safi", utazunguka mwaka mzima.

La pili, fimbo umeisimamisha wima ndani ya bomba la PVC kama antena ya kawaida. Hapana. Uga wa sumaku wa mawimbi haya yanayotambaa ardhini umelala, kwa hiyo fimbo lazima ilale sambamba na sakafu. Ikisimama wima inakuwa kiziwi kwa stesheni, ila nyaya za umeme zinazopita ukutani na kwenye dari inazisikia vizuri tu. Yaani umechagua mkao ambao unakupa kelele bila signali. Hili peke yake linaweza kubadilisha mambo jioni hii.

La tatu ni zile kapasita za kahawia. Kwa raundi 60 utakuwa na kama maikrohenri 290, kwa hiyo ulihitaji pikofaradi 4,700 hivi kufika 137, na ukaokota seramiki za kawaida. Zile za aina ya X7R zinapoteza nguvu na zinahamahama na joto, Q inaanguka vibaya. Tafuta C0G, zinaitwa pia NP0, au polistairini, au polipropilini, au maika kama una za zamani. Ukizungusha 130 utahitaji pikofaradi 1,000 tu, ni rahisi kupata za C0G, na hiyo ndiyo sababu pekee ninayoweza kukupa ya kuongeza raundi.

La nne, waya wa antena umeunga moja kwa moja, ganda la koaksi (waya wa antena wenye ganda la chuma) kwenye mguu mmoja wa koili. Hapo ganda lote la koaksi, pamoja na waya wa yuesibii wa SDR, pamoja na laptop na chaja yake, vimekuwa antena yako halisi na ile fimbo ni pambo. Kwenye mtoko wa amplifaya weka transfoma ndogo yenye koili mbili zisizogusana kabisa, ubalansi upande wa fimbo (miguu yote miwili ifanane, usiwepo unaoungwa na ganda), kisha koaksi izungushe raundi 15 mpaka 20 kwenye duara la feraiti la pamiabiliti kubwa. Kwa masafa haya raundi tatu au nne ambazo watu wa HF (mawimbi mafupi) wanaweka hazifanyi kazi, usiige.

Sasa koili yenyewe, hapa ndipo pa kutulia. Kwenye 137 umeme unapita kwenye ngozi ya kopa yenye unene wa milimita 0.18 hivi, kwenye 475 ni karibu 0.1. Waya wa kuwaindi mota wa milimita 0.5 siyo kwamba haufai, utakupa Q ya 80 au karibu na hapo, tatizo raundi zilizobanana zinasukumana umeme pembeni. Waya wa litzi, ule wenye nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi na vanishi yake, ndiyo dawa, unaweza kuvuka 150 au 200. Ubaya wake ni kusolda: uzi mmoja ukikatika au vanishi isipotoka, faida yote imeondoka, kwa hiyo chovya ncha kwenye risasi yenye moto wa kutosha mpaka uone nyuzi zote zimeshika, usikwangue na wembe. Zungusha juu ya gamba la karatasi ngumu linaloteleza juu ya fimbo, usizungushe juu ya feraiti yenyewe, na raundi zichukue theluthi au nusu ya urefu wa fimbo, katikati. Gamba likiteleza una njia ya kutiuni bure: ukilisogeza kuelekea ncha, indaktansi inashuka na masafa yanapanda. Ukishapata pako, nta ya mshumaa tone moja.

Ila Q usiifanye mungu. Q ya 200 kwenye 137 maana yake antena ina upana wa hezi 685 tu. Bendi nzima ni hezi 2,100, kwa hiyo ukitaka kuzurura bendi yote utakuwa unatiuni kila saa. Kama lengo ni WSPR peke yake, wako kati ya 137.4 na 137.6 (redio unaiweka 136.0, USB, yaani ukanda wa juu, siyo ile yuesibii ya chaja), hapo 200 inatosha sana na inakusaidia na jambo lingine nitalolisema sasa hivi. Pia kumbuka pamiabiliti inabadilika na joto, na fimbo iliyo balkoni saa saba mchana juani siyo ileile ya saa tisa usiku kwenye baridi. Wenye Q kubwa wanalala antena imetiuniwa, wanaamka imehama.

Hilo jambo lingine ni DCF39. Wewe uko Leipzig, na Burg karibu na Magdeburg ni kama kilomita 110 au 120 kutoka kwako kuelekea kaskazini kidogo magharibi, na pale kuna mtambo unaopiga 138.83 kilohezi kwa nguvu kubwa kutuma amri kwa mita za umeme na taa za barabarani. Kuna mwenzake Hungary, HGA22, kwenye 135.6. Bendi yako imebanwa katikati ya hawa wawili. DCF39 anaweza kulewesha amplifaya na SDR mpaka bendi nzima ijae takataka ambazo hazipo hewani. Q ya 200 inamshusha desibeli 12 hivi (voltage yake inabaki robo) ukiwa umetiuni 137.5. Dawa kubwa zaidi ni kugeuza fimbo: ncha ikimwelekea yeye, anatoweka au anapungua sana, maana fimbo haisikii kwenye mwelekeo wa ncha zake, inasikia ubavuni.

Na huyohuyo adui ndiye kifaa chako cha kupimia. Tafuta 138.83, anatuma vipande vya data kila baada ya sekunde chache, utamjua. Zungusha fimbo taratibu ikiwa imelala. Akipotea kwenye mwelekeo mmoja na kurudi ukiendelea kuzungusha, fimbo inafanya kazi. Asipopotea popote, nguvu haiji kwa fimbo, inaingia kwa waya, rudi kwenye la nne hapo juu. Akipotea lakini kwenye mwelekeo ambao ramani haikubali, basi nyaya za nyumba au reli za chuma za balkoni zinarusha tena mawimbi, sogeza fimbo mbali nazo.

Kipimo cha pili: angalia usawa wa kelele saa sita mchana, uangalie tena saa sita usiku. Kelele za radi zinasafiri mbali usiku, kwa hiyo antena nzima lazima ionyeshe tofauti. Kelele zikiwa zilezile mchana na usiku, unasikiliza ama nyumba ama koili yako mwenyewe. Watu wengine watakuambia "tiuni, kelele zikipanda ujue iko sawa". Haitoshi. Koili yoyote ikifika kwenye resonansi (masafa ilikotiuniwa) kelele zake za joto zinapanda hata ukiizika kaburini.

Cha tatu ni swichi kuu ya nyumba. Laptop kwenye betri, SDR, amplifaya kwenye betri, halafu zima swichi kuu dakika moja (mwambie shemeji kwanza, usimzimie friji na tivii bila taarifa). Ukuta ukianguka, ni vyako, washa kimoja kimoja mpaka umjue mwizi: taa za LED, modemu ya intaneti, adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Ukibaki, ni vya jirani, na hapo silaha ni umbali na kule kugeuza fimbo. Kwa Ulaya kuna kipande cha 125 mpaka 140 kilohezi kilichoruhusiwa kwa vifaa kuwasiliana juu ya nyaya za umeme, kwa hiyo usishangae ukikuta kelele iko juu ya 137 hasa. Uzuri ni kwamba makelele ya karibu yanapungua haraka sana ukisogea. Kutoka dirishani ilipo modemu mpaka mwisho wa balkoni ni mita mbili tatu, lakini inaweza kuwa tofauti kati ya ukuta na bendi safi. Kuongeza amplifaya nyingine bila kusogea ni kuweka spika kubwa kwenye kanda iliyochakaa.

Kuhusu fimbo ya pili, hapo ndiyo hela yako iende kama unataka kutumia hela. Lakini ziunge kichwa kwa kichwa, usizifunge ubavu kwa ubavu. Ukizipanga ubavu, unene umeongezeka, urefu ni uleule, pamiabiliti inayobaki inashuka kutoka 108 kwenda kama 70, faida ni desibeli moja na kidogo. Ukiziunga kwa urefu ziwe sentimita 40, pamiabiliti inapanda kuelekea 210 na ujazo umekuwa mara mbili, sakafu yako ya kelele inashuka karibu desibeli 6 kwenye karatasi. Uhalisia utakuwa pungufu kwa sababu ya ule mwanya wa gundi katikati, kwa hiyo saga ncha zote mbili kwenye msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo mpaka zilale bapa, tone dogo la supaglu, bana. Feraiti inavunjika kama sahani, ikidondoka imekwenda, ila ikivunjika vipande viwili safi unaweza kuiunga hivyohivyo, usitupe. Na kabla hujanunua mpya pita masoko ya vitu vya zamani hapo Ujerumani utafute redio za miaka ya 70 zenye mawimbi marefu. Zile zina fimbo nzuri na koili ya LW (hayo mawimbi marefu) imeshazungushwa kwa waya wa litzi, na kwa kuwa LW inaanzia 148.5, kufika 137 ni kuongeza kapasita kidogo tu.

Kwenye 475 kila kitu ni rahisi zaidi, na ningekuwa wewe ningeanzia huko. Wimbi ni fupi, urefu wa kiantena unapanda mara tatu na nusu kwa koili ileile, na Q ya 200 inakupa upana wa karibu hezi 2,400. Koili ya mawimbi ya kati ya redio ndogo huwa na kama maikrohenri 600 na kapasita ya kuzungusha ya 140. Ongeza pikofaradi 47 sambamba nayo na umefika. WSPR huko redio inakaa 474.2 na wao wanaonekana kati ya 475.6 na 475.8.

Kwa mnaosoma hili mkiwa Dar, Mombasa au Bujumbura, hesabu zinabadilika. Bonde la Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, kwa hiyo kelele za usiku ni kubwa mno na fimbo ya sentimita 20 inatosha, kuongeza feraiti ni kuongeza radi. DCF39 hamtakuwa naye wa kupimia, tumieni vinara vya ndege (stesheni ndogo za kuongozea marubani) vya viwanja vya karibu, kati ya 190 na 535 kilohezi, vile vinavyorudiarudia herufi zao kwa mosi (Morse). Ukizungusha fimbo vinapotea na kurudi vizuri tu.

Saa ya ukutani sasa. Ndani yake kuna fimbo ya feraiti kweli, imetiuniwa 77.5 kilohezi kusikiliza DCF77 ya Mainflingen, lakini huwa ni ya sentimita sita hivi na nyembamba. Kwa ile hesabu ya ujazo na urefu unajua mwenyewe itakuwa wapi. Iache saa ifanye kazi yake, ila siku ukiona saa hiyo inashindwa kujirekebisha usiku ikiwa ukuta fulani na inaweza ikiwa ukuta mwingine, ujue ule ukuta wa kwanza ndipo penye kelele, na fimbo yako usiiweke hapo.